Wimbo wa Saba Kwenye Benchi la Wageni

Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi hiyo manyunyu yalianza saa kumi na mbili na nusu, yakakatika saa mbili, na jua lililotokeza baadaye lilikuwa hafifu, kama taa ambayo mtu amesahau kuizima. Mhakiki wa ukurasa wa muziki, ambaye gazeti zima lilimwita Bwana Nyota, alifika kazini saa mbili na dakika tano. Alikung'uta mwavuli mlangoni, akamsabahi mlinzi, kisha akapita mbele ya benchi la wageni akitazama viatu vyake, kama alivyofanya kila siku tangu mapema Februari.

Kwenye benchi kulikuwa na nyimbo tisa.

Dada wa mapokezi alikuwa amekwisha kuzipa beji. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, aliyejifunza kusoma na kuandika akiwa na arobaini na saba, katika darasa la jioni, na hakuona sababu ya kufanya kazi ya kalamu nusunusu. Katika daftari la wageni aliandika habari za kila wimbo kwa herufi kubwa: jina, WIMBO WA TANO, unakotoka, ALBAMU, unamtaka nani, BWANA NYOTA, saa ya kuingia. Nafasi ya saa ya kutoka aliiacha wazi.

Hazikuwa wageni wasumbufu. Mmoja, wa bendi ya roki, ulivaa mabuti mazito na kutikisa mguu bila kukoma, hata maji yakawa yanacheza kwenye glasi ya dada. Aliuomba utulie, nao ukatulia. Mwingine, wa gitaa tupu, haukuwa na maneno, kwa hiyo ulipoulizwa jina uliinamisha kichwa tu, na dada akaandika HAUNA MANENO. Ilipofika saa nne, zote zilipewa chai. Zilishika vikombe kwa mikono miwili lakini hazikunywa.

Zilikuja kwa sababu ya kanuni. Gazeti lilipokea albamu kumi na mbili kwa wiki: za roki, za nyimbo za asili, za vijana wanaojirekodi wenyewe vyumbani mwao bila kampuni yoyote nyuma yao. Ukurasa ulifungwa Alhamisi saa sita kamili mchana. Mhakiki aliyemtangulia Bwana Nyota, siku ya kumkabidhi meza, alimkabidhi na hedfoni, kamusi isiyo na jalada, na kanuni yenyewe: sikiliza nyimbo tatu za mwanzo na mmoja wa mwisho, basi. Anayetaka kusikiliza zote, alisema, akanunue kama watu wengine, asiajiriwe.

Kanuni ilikuwa na upungufu mmoja. Msomaji hutaka kuambiwa na habari za katikati. Ndipo Bwana Nyota, katika mwaka wake wa kwanza, alipoandika kwa mara ya kwanza: "Albamu inalegea katikati." Ilikuwa sentensi salama. Hakuna mwanamuziki aliyewahi kuleta barua ya kuipinga, kwa kuwa kila aliyetengeneza albamu hulala macho akihofia jambo hilohilo. Aliiandika miaka ishirini na miwili.

Nyimbo za katikati zilianza kuja Januari, wiki ile ukumbi wa chini ulipopakwa rangi. Wa kwanza uliingia Jumatatu, ukaambiwa usiegemee ukuta, ukaketi wima mpaka jioni. Mhariri alipopita aliuliza kama ni mtu wa matangazo. Alipojibiwa kwamba ni wimbo wa sita wa albamu fulani ya mwaka juzi, umekuja kusikilizwa, alisema sawa, akapanda ngazi. Tangu hapo hakuuliza tena.

Utaratibu ulieleweka upesi. Wimbo uliimba kwa yule tu aliyesema ameusikia ilhali hakuusikia. Bwana Nyota aliketi karibu nao, nao ukaimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsimulia jirani yake jambo kwenye foleni. Ulipomaliza ulisimama, ukarudisha beji, ukatoka mlangoni na kurudi kwenye diski yake. Haukuonekana tena. Kabla ya hapo, kwa kuwa wimbo hauwezi kukaa pahali pawili, nafasi yake kwenye diski zote zilizouzwa ilikuwa kimya kitupu, cha urefu uleule.

Katika saa za chakula cha mchana alikuwa amekwisha kusikiliza kumi na mmoja. Saba zilikuwa nzuri, na mmoja kati ya hizo ulimfanya ashindwe kumaliza mkate wake. Wa nane wa bendi moja ya roki ulikuwa mbovu kweli. Aliuambia hivyo kwa upole, nao ukamshukuru ukaenda zake, na siku hiyo alipanda ngazi amechangamka.

Lakini ule wa saba, uliokaa ncha ya benchi karibu na dirisha, hakuwa ameusikiliza. Ulikuja tarehe tatu Februari. Ulikuwa umevaa gauni la rangi ya maziwa lenye kifungo kimoja kisicholingana na vingine, na ulikaa umeikunja miguu chini ya benchi, kisigino juu ya kisigino.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa Kitinda.

Kitinda alikuwa mdogo wake wa kike, wa mwisho kuzaliwa kwa mama yao, aliyepitwa naye kwa miaka kumi na miwili. Alipiga gitaa lenye ufa na kuimba nyimbo za asili kwa namna yake mwenyewe. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu alitoa albamu, nyimbo kumi, akaileta kwa mkono ofisini ili kaka yake asiseme imepotelea posta. Kwa kuwa hakutaka watu waseme anapendelea damu yake, Bwana Nyota aliifanyia haki kama albamu nyingine zote. Alisikiliza tatu za mwanzo na wa mwisho. Akaipa nyota mbili na nusu. Akaandika kwamba mwimbaji ana sauti ya kweli, ila albamu inalegea katikati.

Jumamosi ile Kitinda alikuja na gazeti chini ya kwapa. Hakuwa amenuna. Alimuuliza kitu kimoja tu.

"Kaka, umezisikiliza zote?"

"Zote," alimjibu.

Kitinda akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa dawa chungu na daktari anayemwamini. Tangu siku hiyo, popote alipoalikwa kuimba, aliuruka wa saba. Alisema ndio unaolegeza albamu, kaka yake amesikia, na kaka yake ni mtu wa masikio. Hata jikoni, alipokuwa akiosha vyombo, aliacha kuuimba. Miaka miwili baadaye homa ilimchukua katika siku nne.

Bwana Nyota alikuwa mtu wa sala. Aliomba asubuhi na jioni akiwa amepiga magoti, na katika maombi yake alitaja kila kosa lake kwa jina, ila hili alilizunguka, kama mtu anavyozunguka dimbwi ili asichafue suruali.

Mama yake aliishi naye. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na kila Jumapili alasiri alikunja nguo za wiki huku diski ya Kitinda ikicheza. Tangu Februari, ukifika wa saba, ukimya uliingia chumbani kwa dakika tatu na sekunde kumi. Mama aliiacha mikono yake juu ya shati, akangoja, mpaka wa nane ulipoanza. Mwanzoni alisema diski imechakaa. Bwana Nyota alileta nyingine kutoka dukani, nayo ikawa vilevile.

"Huo ndio aliokuwa akiuimba na mapovu mpaka viwikoni," mama alimwambia. "Mimi sina haraka ya kwenda, mwanangu, lakini sitaki kwenda bila kuusikia. Nimemwomba Mungu hilo tu mwaka huu. Mengine nimemwachia."

Bwana Nyota alisema atauliza dukani. Alijua ulipo. Alijua pia kwamba ingemchukua dakika tatu na sekunde kumi kuurudisha. Lakini jioni, ukumbi ulipokwisha kuwa mtupu, alikuwa akishuka ngazi na kusimama nyuma ya mashine ya maji, akautazama ukikunja miguu, ukichezea kile kifungo, ukigeuza shingo kumtazama mtu anayepita nje. Roho ilimwuma na ilimtulia kwa wakati mmoja. Akishausikiliza utasimama. Utarudisha beji, naye atauona mgongo wake ukitoka mlangoni. Kitinda alikwisha kumwona akitoka mlangoni mara moja, amebebwa kwenye machela, na ilimtosha.

Kwa hiyo kila Alhamisi aliuambia wimbo ule, kwa sauti ya kunong'ona, kwamba ana kazi nyingi, uvumilie mpaka Alhamisi ijayo. Wimbo uliinamisha kichwa. Dada wa mapokezi, ambaye masikio yake yalikuwa mazima, alijaza kwenye safu ya maelezo: UMEAHIDIWA ALHAMISI IJAYO. Alikwisha kuandika hivyo mara tano.

Asubuhi hiyo ya tarehe kumi na nne, kabla Bwana Nyota hajaufikia ukingo wa ngazi, dada alimwita.

"Samahani, mzee. Mwalimu wetu wa jioni ametuambia tulete neno gumu tulilolikuta gazetini. Mimi nimeleta kulegea katikati. Nimelikuta kwenye kila albamu. Ni ugonjwa wa hizi albamu, au ni namna ya kuandika tu?"

Hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa ameshika penseli, tayari kuandika jibu.

Bwana Nyota alisema ni namna ya kuandika.

"Ahaa," dada akasema, akaandika. "Na mimi nilikuwa naziombea."

Juu, mezani kwake, aligundua kwamba ameacha miwani nyumbani. Aliandika akiwa amesogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Kufikia saa tano alikuwa na albamu tisa kati ya kumi na mbili. Tatu kati ya hizo zilikuwa zimelegea katikati.

Saa tano na nusu mama yake aliingia ukumbini na miwani ndani ya leso. Alikuwa hajawahi kufika ofisini hapo. Alimsalimu mlinzi, akamsalimu dada, akaulizwa jina na anakotoka, akavishwa beji. Kisha akageuka atafute pa kukaa.

Hakupiga kelele. Alitembea taratibu mpaka ncha ya benchi, akaketi kando ya wimbo wa saba, akautazama toka visigino hadi kichwani. Akanyoosha mkono, akakigusa kile kifungo kisicholingana, ambacho alikishona mwenyewe kwenye gauni la Kitinda.

"Hujambo, mama," akauambia.

Wimbo ulimlalia begani. Haukuimba, kwa kuwa yeye hakuwahi kuudanganya. Mama alingoja kidogo, kisha akamuuliza dada ni nani huyu na amefuata nini hapa. Dada alimfungulia daftari, akamsomea mstari mzima, kidole chini ya kila neno, bila kuruka kitu: wimbo wa saba, unatoka albamu, unamtaka Bwana Nyota, umeingia tarehe tatu Februari saa tatu kasorobo. Akaendelea na safu ya maelezo. Aliisoma mara tano, kwa kuwa iliandikwa mara tano.

Mama alipouliza mbona unamtaka yeye, dada alimweleza kwamba wimbo humfuata aliyesema ameusikia ilhali hakuusikia. Mama aliomba mwanawe aitwe.

Bwana Nyota alishuka na kalamu mkononi. Nyuma yake alishuka mhariri, kwa kuwa ilikuwa imebaki robo saa na ukurasa ulikuwa na tundu la albamu mbili. Nyimbo nyingine zilisogea kwenye benchi ili ipatikane nafasi. Ule wa roki uliacha kutikisa mguu.

Mama alimpa miwani. Alingoja aivae.

"Ulimwambia ulizisikiliza zote," alisema.

"Nilimwambia, mama."

"Na mimi ukaniambia utauliza dukani."

Mama hakupandisha sauti. Alipapasa tu pale kwenye benchi palipoachwa wazi, kati yake na wimbo, kama alivyokuwa akipapasa mkeka zamani kumwita mtoto aje avuliwe viatu.

"Basi keti, baba. Ni dakika tatu."

Mhariri alitazama saa ya ukutani, akasema kwamba kwa upande wake hana neno na mambo ya familia, ila mtambo haungoji. Alisema zile mbili zilizobaki amalizie vyovyote anavyojua. Bwana Nyota alijua. Sentensi yenyewe ilikuwa tayari kichwani.

Akauangalia wimbo. Ulikuwa umekunja miguu, kisigino juu ya kisigino, unamtazama usoni bila lawama yoyote, kama siku ile ya gazeti chini ya kwapa. Magoti yake yalianza kupinda akae. Ndipo alipoona mkono wa wimbo ukienda kwenye beji na kuanza kuilegeza pini, kwa adabu, ili usimcheleweshe mtu baadaye.

Alinyoosha magoti.

Dada wa mapokezi alifungua kalamu, akatafuta safu ya maelezo. Mama aliuweka mkono wake juu ya mkono wa wimbo. Mlinzi alivua kofia. Bwana Nyota akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Mbele ya mama yangu, mbele ya mhariri, na mbele ya dada anayeandika, naapa kwa Mungu anayenisikia: Alhamisi ijayo, nikishafunga ukurasa, nitakaa hapa nikusikilize mpaka mwisho."