Kijiko cha Pili cha Tihomir

Desanka alikuwa amemdharau mumewe miaka mingi hata dharau yenyewe ikaota mvi. Hakumdharau bure. Tihomir alijua kila kitu chini ya jua, na katika yote aliyoyajua hakuna hata moja lililokuwa kweli.

"Kemikali ya dobi inakula sufu," alisema, akijisukuma ndani ya koti lake jeusi. "Ona lilivyopungua! Zamani lilikuwa linanimeza."

"Mlaji ni wewe. Koti halijapungua hata uzi. Vua, nalipeleka kwa Zagorka, harusi ni Jumamosi."

Harusi yenyewe ilikuwa ya Nebojša, mtoto wa Olgica, na Tihomir ndiye kum, msimamizi wa ndoa. Kati ya familia hizo mbili, ya Olgica na ya Tihomir, cheo hicho hurithiwa, baba humwachia mwana. Kum huketi kichwani mwa meza na mkewe ubavuni. Kiti hicho cha ubavuni Desanka alikililia tangu alipoolewa, lakini baba mkwe alikuwa mzee mkaidi, alikataa kufa mpaka majirani wakaanza kuona ni utovu wa adabu. Sasa amekufa, kiti kipo wazi, na Desanka hakuwa tayari kukikosa.

Ila kulikuwa na tone moja.

Jumapili iliyopita walikwenda kwa Olgica kupanga mambo. Kama ada, ikaletwa chupa ya slatko, cheri nyeupe zinazoogelea kwenye shira, na glasi ya maji. Mgeni anachota kijiko kimoja, anakunywa maji, anatumbukiza kijiko ndani ya glasi, basi. Anayechota cha pili hana tofauti na mwizi, ila tu amevaa tai. Olgica alipokwenda jikoni kuangalia kahawa, Tihomir akachota cha pili. Shira ikamdondokea kwenye ukosi wa koti, upande wa kulia, ikakauka, ikapotea machoni. Olgica aliona chupa imeshuka, akamshuku mumewe, Živko, akamfukuza akalale kwenye banda la kutengenezea rakija, pombe kali ya matunda. Wanasema Živko hakulalamika hata kidogo.

Zagorka wa dobini alikuwa na sauti ya kuamsha wafu. "Kuna doa? Sema sasa hivi."

"Doa? Sisi si watu wa kujidondoshea."

"Baya ni lile lisiloonekana, bibie. Divai nyeupe, soda, shira..."

Desanka alishtuka. Akitamka shira hapa, kabla ya adhuhuri soko zima litajua kum ni mdokozi. Halafu, alijiambia, kemikali ni kemikali. Kama haiwezi kumaliza tone la sukari, watu wanalipia nini? "Wewe tia dawa yako tu," alisema kwa dharau. "Itajua yenyewe la kufanya."

Ijumaa koti likarudi jeusi, safi kama shati la askofu, ila kwenye ukosi wa kulia limekaa doa la kahawia lenye umbo la kijiko. Mpini ulionekana pia. Waliokuwepo wanaapa.

"Dawa yangu inang'oa mafuta," Zagorka alisema huku akicheka mpaka kaunta inatikisika. "Sukari inaipita bila salamu. Halafu joto la mashine likaikaanga. Mama, umeniletea karameli ukaniambia ni koti! Sukari inataka maji, tena mapema. Niachie mpaka Jumatatu nihangaike nalo."

"Harusi ni kesho!"

"Basi na kijiko kimealikwa."

Nyumbani Tihomir alipendekeza rakija, kwa kuwa rakija huondoa kila kitu. Desanka akampokonya chupa. "Ingekuwa inaondoa kila kitu, ningekuwa nimeshakuondoa wewe."

Kisha akakumbuka rozmari. Harusini kila mgeni hubandikwa shada la rozmari kifuani, na la kum ni kubwa kama ufagio. Litafunika. Tatizo ni kwamba mwenye ndoa hubandikwa kushoto. Kulia ni kwa wasiooa.

"Nani atatazama?" alijiambia, na asubuhi akambandika mwenyewe, kulia.

Wote walitazama.

"Kum! Kumbe uko huru?" Mjane Stojanka alipiga kelele langoni kwa Olgica. "Na hukuniambia!" Akamkamata mkono, akamtia kwenye ngoma ya duara. Tihomir, mjinga wa kuzaliwa, akaingiza tumbo ndani na kutabasamu.

"Pole, Desanka, mmeachana lini?" wakauliza majirani, kila mmoja na sura yake ya msibani. Desanka alimeza. Angemeza hata hilo. Lakini alipogeuka kuelekea mezani, akamkuta shangazi wa Olgica, mwanamke mpana kama mlango wa ghala, anajishusha kwenye kiti chake.

"Kiti hiki cha mke wa kum," shangazi alisema. "Kum hana mke, si tumeona? Basi kisikae bure."

Desanka akaipasua ngoma, akamfikia Tihomir, akaling'oa shada kulia na kulikita kushoto mpaka pini ikamfikia nyama.

"Aaa!"

"Ni mume wangu huyu! Kwa bahati mbaya, lakini ni wangu!"

Kijiko cha kahawia kikang'aa mbele ya kadamnasi. Olgica akasogea, akainama, akanusa.

"Cheri zangu," alisema. Kisha akageukia uani. "Živko! Toka bandani, umesamehewa!"

"Niacheni," Živko akajibu kwa ulimi mzito. "Nimeshazoea!"

Kum hafukuzwi, hata awe nani. Shangazi akainuka, kiti kikalalamika, Desanka akakaa. Ikaletwa slatko. Kila mgeni aliwekewa chupa nzima achote mwenyewe. Mbele ya Tihomir, Olgica aliweka kwa heshima zote kisahani chenye cheri moja, na kijiko kikiwa tayari kimetumbukizwa ndani ya glasi ya maji.

"Karibu sana, kum."

Meza nzima iligeuka kumtazama Tihomir. Desanka akanyoosha mkono, akaichukua ile cheri kwa vidole, akaitia kinywani, akaitafuna polepole huku akitazama mbele.