Shoki Isiyolainika

Kiplimo alirudisha baiskeli kwa mara ya nne siku ya Jumatano, na safari hii hakusalimia mtu.

"Fundi, bado," alisema, akaiegemeza ukutani. "Bado inanipiga mikono."

Onchiri alikuwa ametengeneza baiskeli pale Sotik miaka kumi na tisa. Zilipoanza kuletwa baiskeli za milimani, zile zenye shoki mbili mbele za kumeza mishtuko ya njia, alijifunza peke yake kwa kuzifungua na kuzifunga mpaka akazijua. Vijana wa mashindano walimjia kutoka Kaplong, na wengine kutoka Mulot. Hakuwahi kushindwa na shoki.

Hii ilikuwa inamshinda. Mara ya kwanza alikuta imejazwa upepo kupita kiasi, kana kwamba mwenye baiskeli ana kilo mia, na Kiplimo hafiki sitini na tano. Akapunguza. Mara ya pili alishuku kile kitufe cha chini cha kuzungusha, kinachoamua shoki irudi juu kwa kasi gani. Kilikuwa kimekazwa mno, hivyo shoki ikizama kwenye shimo moja, shimo la pili linaikuta bado iko chini. Akakilegeza. Mara ya tatu aliifungua yote. Oili ilikuwa imekauka na mipira ya kuizuia isivuje imejaa vumbi jekundu. Aliosha, akabadilisha mipira, akatia oili mpya kwa kipimo. Alipoikandamiza kwa mikono ilizama kama godoro.

"Mbio za Mulot ni Jumamosi," Kiplimo alisema. "Wiki tatu unashika hii kitu. Kwani ulitoa nini ndani ukaweka ingine?"

Kwenye kona ya karakana, Bilhah, mke wa Onchiri, aliacha kukanyaga cherehani yake.

"Sijatoa kitu," Onchiri akasema.

"Watu walinionya. Walisema nyinyi watu wa upande ule, mtu akiwaachia kitu yake ameipoteza."

Wazazi wa Onchiri walikuwa wa kabila la upande ule, lakini yeye alikuwa amezaliwa kilomita nne kutoka pale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Aliichukua baiskeli, akaiendesha kwenye barabara ya murram, ya changarawe, hadi mtoni, akapita makusudi juu ya mawe. Shoki ilimeza kila jiwe. Aliporudi, alitoa baiskeli ya mwalimu mmoja, ya milimani pia, mpya kabisa, iliyokuwa ikisubiri kengele.

"Enda na hii. Pita pale pale nimepita."

Kiplimo alienda. Aliporudi alishuka taratibu, uso umekunjamana.

"Hii pia iko ngumu," alisema. "Inanipiga vile vile."

Baiskeli mbili haziwezi kuwa na kasoro moja; Onchiri aliacha kuitazama shoki, akaitazama mikono ya Kiplimo. Aliokota kifuniko cha mahali pa kutilia upepo, kidogo kama punje ya hindi, akamkabidhi.

"Nifungie hii."

Kiplimo alikiangusha. Akakiokota kwa shida, kikaanguka tena. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe.

"Ni baridi ya asubuhi tu," alisema.

"Saa hizi ni saa saba, Kiplimo. Unafanya kazi gani?"

"Mashine ya kukata chai. Huu ni mwaka wa tano."

Onchiri alizijua mashine hizo. Watu wawili wanaishika, mmoja huku na mwingine kule, injini inanguruma na kutetemesha mikono yao, wanatembea nayo juu ya chai tangu asubuhi.

"Na breki, unaisikia?"

Kiplimo alitazama pembeni. "Huwa naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Kidole. Naangalia kama kimeshika."

Onchiri alifikiria mteremko wa Mulot, na mtu anayetazama kidole chake badala ya njia. Aliisukuma baiskeli ya Kiplimo hadi chumba cha nyuma, akafunga kufuli na kutia ufunguo mfukoni.

"Mwambie mke wako kwanza kuhusu hiyo mikono. Halafu kuja naye uchukue."

"Hiyo ni baiskeli yangu!"

Kelele ziliwatoa watu kwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara. Wanne, halafu saba. Mmoja aliuliza kwa Kikipsigis, lugha ya wenyeji, kulikuwa na nini. Bilhah alimsogelea mumewe.

"Baba Velma, mpe kitu yake," alinong'ona. "Unataka watuchomee karakana?"

Onchiri aliubana ufunguo mfukoni, hakuutoa. Kiplimo aliondoka akitukana, na watu wakabaki wamesimama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Ijumaa mchana alikuja na Nelvine, mkewe, mtoto akiwa mgongoni.

"Habari yako, mzee," Nelvine alisema. Alikuwa na adabu, lakini sauti ilikuwa imekaza. "Bwanangu anasema umekataa na baiskeli yake. Kuna shida gani?"

"Kiplimo, sema wewe," Onchiri akasema.

Kiplimo alimtazama mtoto, aliyeanza kulalamika. Kisha akanyoosha mikono mbele ya mkewe, viganja juu.

"Hizi zimekufa," alisema. "Hata nikikushika sikusikii."

Nelvine alishika kidole kimoja, akakifinya kwa ukucha. "Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

Alijaribu vyote. Alipofika kidole gumba, Kiplimo alitikisa kichwa kwamba anasikia kidogo.

"Ile siku ulimwaga maziwa yote," Nelvine alisema polepole. "Nilikuita mlevi mbele ya mama yako."

"Nilikusikia."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambia, ungesema niache kazi. Nikiacha, nifanye nini? Wale walikuwa wanachuma na mikono waliondolewa ndio mashine ikuje."

Onchiri alifungua kufuli, akaitoa baiskeli. Nelvine ndiye aliyeisukuma kwenda nyumbani. Mbio za Mulot zilifanyika bila Kiplimo.

Jumatatu daktari wa Kaplong alimwambia aiache mashine, na kwamba hakuna awezaye kuahidi vidole vitarudi. Aliomba kazini ahamishwe, akaambiwa asubiri. Alisubiri wiki sita, akiwa bado ameishika mashine, kabla hawajampeleka kupakia magunia.

Hayo yote Bilhah aliyapata kwa Nelvine, aliyekuja kushonewa nguo ya kanisa. Kiplimo mwenyewe hakukanyaga tena karakana, wala hakuyataja tena yale maneno aliyoyasema kuhusu watu wa upande ule.

"Na mashine, nani ameshika?" Onchiri aliuliza kutoka alipokuwa ameinama.

"Mdogo wake Kiplimo," Nelvine alisema. "Alioa juzi. Amefurahi sana kupata kazi."

Bilhah alikata uzi kwa meno.