786 Juu ya Kila Faili

Mzee Kondo alikuwa amebakiza wiki moja kustaafu, na maelezo yake ya miaka tisa yalikuwa hayasomeki.

Ofisini kwetu Kinondoni tulitengeneza programu za kufuatilia makontena yanayotoka bandarini. Ndani ya kila faili mtunzi huacha maelezo: sehemu hii inafanya nini, ile usiiguse. Mwaka ule wa 1998 bosi wetu, Jonas, alileta programu ya kuyakusanya maelezo hayo na kuyatoa kama kitabu. Ila ilielewa alama za HTML peke yake, zile za kurasa za intaneti, za mabano yenye ncha. Mzee Kondo alikuwa na zake tangu zamani: nyota kwa neno la kukoleza, kistari kwa orodha, namba mwanzoni mwa mstari kwa sura.

"Bernadeta, yachape yote upya," Jonas akaniambia. "Mafaili arobaini."

Mie nilikuwa mpiga chapa. Lakini jioni nilikuwa nimesoma utunzi wa programu, darasani Chang'ombe, nikiwa na mimba ya mwanangu Yuliana, tumbo likigusa ukingo wa meza. Nikasema, "Bosi, kwa nini tusiiongezee programu ijue na alama za Mzee? Naweza."

Akacheka. "Haya, fundi. Ijumaa saa tisa. Ikigoma unarudi kuchapa, na habari za utunzi nisizisikie tena."

Alhamisi mchana nikaijaribu mbele yake na Mzee Kondo. Mafaili arobaini yakaingia. Ukatoka ukurasa mmoja.

"Hiki ndicho kitabu?" Jonas aliushika kwa vidole viwili. "Hii si barua ya posa?"

Niliona aibu mpaka masikioni.

Kosa nililijua upesi. Programu yangu ilichukua namba ya kwanza katika faili kuwa namba ya sura, na kila faili la Mzee lilianza na 786. Sura zote zikawa moja, kila inayokuja inaifuta iliyotangulia. Nikadhani Mzee alinakili faili moja mara arobaini akasahau kubadili namba. Nitamwuliza vipi mtu mzima kuhusu kosa lake, tena wiki yake ya mwisho? Nikanyamaza, nikaenda zangu nyumbani.

Jua lilikuwa bado kali nilipofika Tandika kumchukua Yuliana kwa mwenye nyumba wangu, Bi Chausiku. Mwanangu akanikimbilia, nikamnyanyua juu, na macho yangu yakaenda juu naye. Kwenye kizingiti, kwa rangi ya kijani: 786.

"Shikamoo Bi Chausiku. Hii namba ya nyumba?"

"Marahaba. Namba ya nyumba!" Alicheka hadi akashika ukuta. "Mama Yuli, miaka miwili unapita chini ya bismillahi unasema namba ya nyumba? Ni hesabu ya herufi zake za Kiarabu ukizijumlisha, mwanangu. Mtu akianza jambo anaiweka juu, asije akaandika jina la Mungu penye karatasi ya kutupwa."

Nikamkumbatia Yuliana nikacheka peke yangu. Mzee hakuwa amekosea. Mie ndiye niliyekuwa sijauliza.

Ijumaa asubuhi niliongeza mistari sita tu: 786 ikisimama peke yake mwanzoni si sura; iache hapo juu, kisha tafuta namba inayofuata. Saa tisa printa ikaanza kukereza. Kurasa sabini na mbili.

Jonas akapekua akitafuta mafaili yake mwenyewe, ya HTML. Yalikuwepo, sawasawa, yamekaa jirani na ya Mzee. Akafunga kitabu, akafungua tena.

Mzee Kondo alikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza wa nakala yake. "Umeiacha," akasema.

"Ni yako, Mzee. Nisamehe, jana niliifanya sura."

"Sura! Arobaini!" Akacheka, akafuta miwani kwa ncha ya shati. Kisha akamgeukia Jonas. "Huyu binti, jina lake halipo kwenye jalada."

Jonas akajikuna shingo. "Mama Yuli, kaa hapo ulichape mwenyewe. Chini ya la Mzee, kwenye watunzi. Na Jumatatu uje ukae meza ile ya watunzi, dirishani."

Nililichapa polepole, kama mtu asiyejua kuchapa. Nakala ya jalada nikaibeba Tandika, na Yuliana akaila kona moja. Jina langu halikuguswa.