Kompyuta Iliyoganda

Kiwanda cha minofu ya sangara kilipofunguliwa Nyakato, Getruda ndiye aliyekiandikia programu ya vyumba vya baridi. Kila chumba kilikuwa na picha yake kwenye kompyuta, yenye kiwango cha baridi na alama nyekundu iliyowaka kila mtu wa ndani alipobonyeza kitufe cha kuomba msaada.

Mchana mmoja aliingia ofisini akamkuta msimamizi, mzee Ndalahwa, anakunywa chai mbele ya kompyuta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Leo shwari kabisa."

Kweli, hakukuwa na alama nyekundu. Lakini saa iliyokuwa pembeni mwa picha ilikuwa imesimama. Getruda alibonyeza hiki na kile, hakuna kilichobadilika.

"Mzee, kompyuta imeganda. Kuna mtu ndani?"

"Tereza aliingia kupanga maboksi." Ndalahwa aliweka kikombe chini. "Nilidhani ameshatoka."

Walikimbia. Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa umeshikwa na barafu. Getruda aliita, akatega sikio, akaita tena. Ndalahwa aligonga barafu kwa nondo, wakavuta pamoja mpaka mlango ukaachia.

Tereza alikuwa amejikunja chini ya kitufe, midomo imepauka.

"Nimebonyeza," alinong'ona. "Nimebonyeza sana."

Walimbeba hadi juani, wakamfunika makoti, kisha gari likamkimbiza hospitali. Alipona.

Getruda alirudi kupekua programu. Kila Ndalahwa alipotoka picha moja kwenda nyingine, ile ya kwanza ilifichwa tu, haikufutwa. Akiirudia, ilichorwa nyingine mpya. Zile za zamani ziliendelea kushikilia kumbukumbu ya kompyuta, zikarundikana mpaka nafasi ikaisha. Aliandika upya, kila picha ikifungwa ifutwe na nafasi yake irudishwe.

Hata hivyo hakujiamini tena. Alimwomba mwenye kiwanda kitufe kivutiwe waya wake, moja kwa moja hadi kwenye kengele ya nje, kisipitie kompyuta.

Siku ya kujaribu aliingia mwenyewe.

"Funga, mzee."

"Una hakika, binti?"

"Funga."

Mlango ukafungwa. Akakaa humo kwa muda, kama Tereza. Akabonyeza. Kuta zilikuwa nene, sauti ya nje haikupenya. Hakuweza kujua kama kengele imelia. Pumzi ilimtoka kama moshi. Akabonyeza tena, akasukuma mlango kwa mabega, akaanza kuliita jina la Ndalahwa.

Mlango ulipofunguliwa alikuwa analia. Ndalahwa alimshika mkono.

"Imelia tangu mara ya kwanza," akamwambia. "Barafu tu ndiyo imenichelewesha."