Wati Tisini za Mkurugenzi

Sista wa wodi ya watoto alipewa barua ya kujieleza: kwa nini hakupokea simu. Maabara walimpigia mara tatu asubuhi moja, majibu ya damu ya mtoto yalikuwa ya haraka, na hakuna aliyeitikia. Mtoto alipona kwa bahati tu. Sasa sista, miaka ishirini na miwili kazini, alikuwa ananyemelewa na kufukuzwa.

Mimi ndiye fundi wa mtandao wa hospitali, nikaenda wodini mwenyewe. Saa nne kasoro simu ilikuwa nzima. Ilipogonga saa nne, ikazima.

"Nimelalamika tangu mwezi uliopita, mdogo wangu," sista akaniambia. "Nikajibiwa nimechoka, nistaafu."

Nikaenda kwenye chumba cha swichi, na huko nikakiona chanzo. Simu zetu hula umeme kupitia waya uleule wa mtandao, na swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya hizo, ndiyo mgawaji. Ina wati mia tatu na sabini, basi. Skrini ya mikutano ya mkurugenzi ikiwashwa saa nne, inadai tisini. Inatumia thelathini tu, lakini swichi inaitengea zote tisini, na umeme usipotosha, anayekatiwa ni wa mwisho kwenye orodha ya vipaumbele. Na orodha hiyo ilipangwa kwa vyeo, kama tunavyopanga viti na maegesho ya magari! Ofisa utawala alinipa karatasi, mkurugenzi juu, wodi ya watoto mkiani, nami nikaiingiza kama ilivyo, mdomo nimeufunga. Nilijionea aibu.

Kikao cha nidhamu kilikaa kesho yake saa nne, mbele ya skrini hiyohiyo, mkurugenzi akiwa mwenyekiti na sista ameitwa. Mashtaka yalikuwa yameandikwa humo kwa herufi kubwa, na ofisa utawala akayasoma kwa madaha.

"Bosi, hebu piga wodini sasa hivi," nikamkatiza.

Akapiga, akaweka spika. Kimya.

"Mnaona? Hawapokei!"

"Watapokeaje? Sista yuko mbele yako, wenzake wako kazini, na simu imekufa. Sisi ndio tumeiua, mimi na karatasi yako."

Nikafungua kompyuta, nikaipandisha wodi juu kabisa, skrini nikaishusha chini. Skrini ikazima, mashtaka yakatoweka. Tukangoja dakika mbili simu iwake, ofisa akapiga tena.

"Wodi ya watoto, habari za asubuhi?" Nyuma ya sauti hiyo mtoto alikuwa analia.

Hakuna aliyemwambia sista hata pole. Mkurugenzi akanigeukia mimi.

"Rudisha skrini kwanza. Hiyo simu tutaiangalia baadaye."

Sista akamtazama katibu wa kikao, aliyeinamia daftari la kumbukumbu.

"Umeyaandika hayo, mwanangu?"

"Nimeandika, mama," katibu akasema. "Na jina la aliyesema."