Chaser Iliyopita Bila Salamu

Makarius aliuza paneli za sola na betri sokoni Kasulu, na kwa miaka mitatu kila mteja aliyeuliza bei alijibiwa na mtu ambaye mwili wake ulikuwa Kasulu na macho yake yako Japani. Simu haikumtoka mkononi. Alikuwa akichungulia minada ya magari, na katika magari yote yaliyoko chini ya jua alitaka moja tu: Toyota Chaser ya zamani, nyeupe, viti vya velveti, ya kukaa ndani ukajiona mkurugenzi, lakini chini ya boneti ina tabo. Watu wenye akili zao walimshauri anunue pikapu ya kubebea maharage. Makarius aliwaonea huruma.

"Hiyo tabo ni nini hasa?" Winnie alimwuliza. Winnie ndiye mchumba, muuguzi kule Kibondo, na miaka mitatu hiyo hiyo naye alikuwa anasubiri, maana Makarius aliapa kwamba ukweni haendi kwa basi.

"Ni kama mapafu ya pili. Ukikanyaga, gari linavuta pumzi, linapiga filimbi, halafu tumbo lako unaliacha nyuma."

"Angalia usije ukaniacha na mimi huko huko nyuma," alisema Winnie, wala hakuwa anatania.

Gari likafika. Kutoka bandarini Dar es Salaam lilisafirishwa juu ya lori, kama biharusi, lisije likachubuka. Kila ukiliwasha, kijisanduku fulani kwenye dashibodi kiliongea Kijapani kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu zake. Makarius hakujua anasema nini, na hakuhangaika kujua.

Siku ya kwenda ukweni ilikuwa Jumamosi. Mshenga alikuwa Venanti, fundi baiskeli, mtu mzima ambaye chombo chenye kasi kuliko vyote alivyowahi kupanda kilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Alikaa nyuma, akafunga mkanda, akafunga na macho. Walipolipita soko la mwisho, lami mpya ikanyooka mbele yao, na Makarius akakanyaga.

Hapo tuseme ukweli, hata mimi ningekanyaga. Filimbi ililia, viti vikawameza, na vilima vya Kasulu vikaanza kurudi nyuma kwa haraka ya watu waliosahau kitu nyumbani. Kando ya barabara watu walikuwa wananyoosha mikono. Wengine walipiga makofi, akina mama wakipiga magoti kidogo.

"Unaona, mzee Venanti? Wanatushangilia!"

Venanti hakuona kitu, alikuwa katikati ya sala. Lakini Makarius ni Muha mzaliwa wa Heru Juu, aliyefundishwa salamu kabla hajafundishwa kujifuta kamasi. Alijua fika kwamba kwao makofi yale ni heshima ya salamu, na salamu hujibiwa kwa kusimama. Tabo ilimsahaulisha. Hata kilometa chache kabla ya mji, alipoona wazee waliovaa makoti wamejipanga kando ya barabara, mmoja amevua kofia na kuinyanyua juu, aliwapigia honi ya kishujaa akapita. Alisimama Kibondo mjini, amejaa furaha. Simu ikaita.

"Uko wapi?" aliuliza Winnie.

"Nimeshafika mjini!"

"Mjini unafanya nini? Umempita baba."

Alirudi kwa mwendo wa konokono. Mzee Nkunzimana, baba yake Winnie, mkulima wa maharage na mzee wa kanisa, alimkaribisha vizuri, akamlisha vizuri, na hakusema neno mpaka maji ya kunawa yalipoondolewa. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Venanti, aliyekuwa amehudhuria posa nyingi, alianza kutokwa jasho.

"Mimi nimeishi kando ya barabara ile maisha yangu yote," alisema mzee. "Ilipokuwa matope, basi likikwama, abiria walilala humu ndani. Walipoweka lami nikamwambia mke wangu, sasa tutapata wageni wengi. Kumbe watakaoongezeka ni wapitaji."

Makarius alitazama chini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, tena aibu ya kweli, si ile ya kuigiza mbele ya wakwe.

"Kijana amekosa, mzee mwenzangu," Venanti alijitosa. "Ni gari, si moyo."

"Ego, sawa. Basi gari litarekebisha. Posa yenu nimeipokea, sijaijibu. Tutarudi njia ile ile, mimi nitakaa mbele, na kila aliyekunyooshea mkono utasimama umsalimie. Wa mwisho ni mama mkwe wangu, Bibi Ndayikunda, ng'ambo ya pori. Ndiye aliyemlea Winnie. Nitampigia simu atungojee. Akisema umesalimia, binti ni wako. Akikataa, nyoosha moja kwa moja mpaka Kasulu, maana hilo unaliweza."

Winnie alikuwa mlangoni na sinia mkononi. Alimtazama tu Makarius, na Makarius akajua kwamba miaka mitatu mingine haitapatikana.

Alipowasha gari, yule mwanamke wa kwenye dashibodi akasema maneno yake.

"Nani huyo?" aliuliza mzee.

"Ni gari, baba. Linasema Kijapani."

"Linasemaje?"

"Sijui, baba."

"Mama wa watu anakusalimia kila siku, na wewe hujui hata anasema nini?" Mzee alivua kofia, akainamia dashibodi, akasalimia kwa Kiha. "Mwidiwe, mama."

Wakaanza. Gari la kuruka likawa linatambaa, madirisha wazi, likisimama kila penye mlango. Makarius alishuka, akapiga makofi, akainama, akauliza habari za watoto, za maharage, za mguu wa babu, za ng'ombe aliyezaa. Mahali pengine walipewa karanga za kuchemsha, mahali pengine jogoo, ambaye alikabidhiwa kwa Venanti na hakupendezwa na velveti. Bodaboda iliyobeba magunia mawili ya mkaa iliwapita, na dereva wake akapiga honi ya kuwapa pole. Hiyo ilimchoma Makarius kuliko hukumu yote.

Kwenye nyumba moja yenye uzio wa mihogo, mama mmoja alimshika mkono asiuachie.

"Wewe si mtoto wa marehemu Epifania wa Heru Juu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Tulilima pamoja. Uso ni wake kabisa. Asubuhi sikuuona uso, niliona upepo."

Makarius alirudi kwenye gari akakaa kidogo bila kuwasha. Mzee Nkunzimana alijifanya anachunguza kitufe cha kulaza kiti, akakibonyeza, akajikuta amelala chali anatazama paa.

"Hiki kiti kina akili," alisema kutoka kule chini.

Kuanzia hapo mzee alibadilika kidogo kidogo. Aliuliza mshale ule mdogo unapima nini. Aliuliza kwa nini saa ya mwendo ina namba nyingi namna ile kama hazitumiki. Aliuliza, akitazama nje, filimbi ile ya asubuhi ilitoka upande gani wa injini. Makarius alijibu kwa heshima na ufupi, mguu wake ukiwa mwepesi kama wa mtu anayekanyaga mayai.

Nyumba zikaisha. Mbele yao likafunguka pori la Malagarasi, barabara imenyooka, hakuna moshi, hakuna mtu. Makarius aliendelea kutambaa. Hakutaka kukosea mara ya pili.

"Humu anakaa nani?" aliuliza mzee.

"Hakuna mtu, baba. Nyani tu."

"Nyani uliwapita asubuhi?"

"Niliwapita."

Mzee alifikiri. "Nyani si ukoo wangu," alisema. "Kanyaga."

"Baba?"

"Oya, usiniulize mara mbili. Kanyaga, kijana!"

"Yesu wangu," alisema Venanti, akamkumbatia jogoo.

Filimbi ililia. Mzee wa kanisa aligandamana na kiti, kisha akatoa kicheko ambacho labda hakijamtoka tangu akiwa mchunga mbuzi. "Ongeza!" alipiga kelele. "Bado ina namba!" Alitoa mkono dirishani, na kofia mkononi, akaipungia miti. Waliruka daraja, wakapanda kilima, pori likaisha bila wao kutambua, na upande wa kushoto, juu ya kigoda, akiwa na kitenge chake cha Pasaka na viganja tayari vimekutana kwa makofi ya salamu, Makarius akamwona Bibi Ndayikunda anapita. Au tuseme wao ndio waliopita.

Gari lilisimama mbali.

"Nadhani yule alikuwa mtu," alisema Venanti.

Mzee Nkunzimana alirudisha kofia kichwani taratibu. Kumpita mzee yeyote ni kosa, lakini kumpita mama mkwe wako mwenyewe, unacheka, hilo hata jina halina. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

"Unadhani amenitambua?" alinong'ona.

"Kofia yako ilikuwa nje, baba."

"Rudi nyuma," alisema mzee. "Polepole. Polepole sana, mwanangu."

Walirudi kinyumenyume mpaka kwenye kigoda, wakashuka wote wawili, wakainama sawasawa kama mtu na kivuli chake. Bibi aliwatazama kwa zamu.

"Nani kaamuru mwendo ule?"

Mzee alivua kofia, akaanza kuipangusa vumbi.

"Ni mimi, bibi," alisema Makarius. "Baba alinikataza njia nzima."

Alijua kwamba kwa maneno hayo Winnie anaweza kwenda zake. Lakini mtu aliyemwita mwanangu hakuweza kumwacha avuliwe nguo kando ya barabara.

"Nkunzimana namjua tangu anakuja kuposa kwangu," alisema Bibi. "Akikataza kitu huwa hacheki." Alimtazama mkwewe mpaka akatosheka, kisha akamgeukia Makarius. "Na wewe, waongo wa namna yako ni wachache. Salamu yako nimeipokea. Mchukue Winnie."

Makarius alipiga makofi, safari hii ya kushukuru, na macho yalikuwa yamemlowa. Bibi hakungoja amalize. Aliokota fimbo yake, akafungua mlango wa mbele, akakaa. Mzee Nkunzimana akaenda nyuma bila kuambiwa, akapewa jogoo.

Injini ikawaka. Mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake.

"Mwidiwe, mwanangu," Bibi alimjibu. Kisha akaelekeza fimbo mbele, kwenye nyumba ya bati jekundu iliyokuwa ukingoni mwa lami, ambako mama mmoja mzee alikuwa ameketi barazani.

"Yule ni wifi yangu," alisema. "Tangu mwaka jana hatusalimiani. Kanyaga."