Mama wa Ukurasa wa Saba

Jumamosi, saa tisa na dakika kumi alasiri, Redempta alikuwa akipiga pasi blauzi ya Reem huku akimsimulia sura ya kumi na tano. Reem alikaa juu ya mashine ya kufulia, miguu ikining'inia, anatafuna barafu. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na kitabu alikuwa nacho, jalada gumu, kimelala begini tangu siku kilipofika. Nafasi ya kukisoma ndiyo iliyokosekana.

Kitabu chenyewe kiliitwa Binti wa Ghorofa ya Tisini, na mwaka ule ungemtafuta kijana asiye na maoni juu yake Dubai nzima usimpate. Kilikuwa na msichana wa miaka kumi na sita, vijana wawili wa tumbo moja wanaompenda, mmoja wao mfu ila kajaliwa nywele nzuri, na mapanga mengi. Redempta alikuwa amekimaliza karibu chote, akikisoma kwa vipande huku sufuria ikichemka. Kwao Mwala, Ukambani, aliwahi kufundisha fasihi miaka mitatu, kabla hajaja kufanya kazi za ndani Al Qusais, na hakuwa na uwezo wa kusoma kitabu bila kugombana nacho.

"Haya, wameshapigana," alisema, akigeuza kola. "Damu imemwagikia gauni lake jeupe. Fungua sura inayofuata, gauni ni safi. Nani alifua? Kuna mtu aliinama na hilo gauni, Reem, na huyo mtu hayuko kwa kitabu."

"Hiyo nzuri. Nitaisema," alisema Reem.

"Utaisema kwa Kiswahili gani?"

Hapo ndipo palipouma. Chama cha wasomaji kilikutana kila Jumamosi saa kumi katika chumba cha nyuma cha duka la vitabu, Oud Metha. Kilianzishwa na watu wenye asili ya Unguja na Mombasa, walioishi Dubai vizazi viwili na kuamka siku moja wakakuta watoto wao wanamjibu bibi kwa Kiingereza. Kitabu ungeweza kukisoma kwa lugha yoyote, lakini maoni yalitolewa kwa Kiswahili tu, na aliyetumbukiza Kiingereza mara tatu aliondoka kitini akakaa chini kwenye zulia. Reem alikuwa zuliani tangu Ramadhani. Mama yake, Hilwa, ambaye kwao ni Mkunazini, Unguja, na ambaye bibi yake alikuwa akisahihisha maneno ya watu hata matangani, hakulichukulia jambo hilo kwa mzaha. Redempta mwenyewe aliajiriwa kwa ajili ya ulimi wake, mtoto apate wa kumwiga.

"Redempta," alisema Hilwa siku ile, akitafuta funguo za gari, "leo mwazime Reem sauti yako. Mie haya nimeshaona za kutosha."

"Sawa madam," alijibu Redempta. Hilo lilikuwa ndilo jibu lake kwa kila kitu katika nyumba ile. Alilitoa hata siku pasipoti yake ilipotiwa kwenye droo ya kabati, isije ikapotea.

Walipanda treni ya mstari wa kijani, wakafika mapema. Saa kumi kamili, Reem aliinua mkono, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Redempta. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa miaka thelathini na minane, yenye mkwaruzo kidogo na Ukambani ndani yake. Iliuliza nani alifua gauni, ikasema huyo mtu hayuko kwa kitabu.

Bi Mawadda, mwalimu mstaafu aliyekiongoza chama, alirekebisha miwani. "'Hayuko kwa kitabu' hatusemi, mwanangu. Twasema 'hayumo kitabuni.' Lakini hoja yako imesimama. Inuka hapo, njoo ukae kitini."

Marwan, aliyekuwa akishikilia kwamba yule kaka mkubwa angeuawa sura ya kwanza watu wakapumzika, alisema gauni hakuwahi kulifikiria. Rawan, msichana anayelia kwenye vitabu vyote, alisema angezirudia sura zile kwa macho mengine. Kuhusu sauti hakuna aliyeuliza. Wasichana wa umri ule hubadilika.

Redempta alikuwa nje ya kioo, kwenye benchi la dukani, na begi la Reem na chupa yake ya maji. Muuzaji alimsogezea feni. Alitaka kusema asante, akakuta hana cha kusemea. Alikunywa maji, akakohoa bila mlio, akangoja. Sauti ilimrudia magharibi, akiwa stesheni anapiga miayo.

Ikawa hivyo kila Jumamosi, kuanzia saa kumi hadi adhana ya magharibi. Wiki ya pili wazazi walianza kuja kusikiliza. Wiki ya tatu Reem, kwa sauti ya Redempta, alisema jambo lililowafanya hata akina baba waache simu zao.

"Fungueni vitabu vyenu vyote mnavyovipenda. Mama anaondoka mapema. Anakufa, ama anapotea, ama anapewa kazi mbali, ndio msichana apate nafasi ya kuzurura na mapanga. Huyu wetu ameondoka ukurasa wa saba. Ameingia kwa lifti, akasema anaenda chini kutafuta kazi, atatuma habari. Mimi bado naingoja hiyo habari."

Wakabishana saa nzima, kwani chama kilikuwa hakijafika mwisho wa kitabu. Marwan alisema mama atarudi mwishoni na jeshi. Rawan alisema mama ndiye yule mchawi mwenye barakoa, ni wazi kabisa. Bi Mawadda aliamua kwamba sura za mwisho zitajadiliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mbele ya wazee waalikwa.

Sasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja za Dubai, ilikuwa na mwenyewe tangu zamani. Ndiyo saa ambayo kwa Kenya ni saa kumi, na ndiyo saa Precious, binti wa Redempta, alipokuwa akipewa simu ya matroni wa shule yake ya bweni kwa dakika kumi. Precious alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake alikuwa hajamtia machoni kwa miaka minne, maana likizo ilikuwa imesogezwa mara mbili, kwanza kwa arusi ya shemeji yake Hilwa, halafu kwa sababu iliyokwisha kusahaulika. Bwenini kwao kulikuwa na nakala moja ya kitabu kile kile, imezunguka vitanda arobaini, na kurasa thelathini za mwisho zilikuwa zimechanika zikapotea.

"Mama, wewe uko na kitabu kizima," Precious alikuwa amesema mwezi uliopita. "Huyo mama yake anarudi?"

"Sijafika mwisho. Ngoja nimalize nikuambie."

Sasa alikuwa amekwisha kumaliza. Mama hakurudi. Hakufa wala hakuwa mchawi. Mwandishi alikuwa amemsahau tu, mzima mzima, ndani ya lifti. Msichana alimchagua kaka mdogo, wakatazama machweo, kikaisha. Redempta alikiweka kitabu juu ya friji akakaa chini kwenye ndoo, na hasira aliyoisikia ilikuwa hasira hasa, ya kutaka kumpigia mtu simu. Ndipo akaamua kudanganya. Hakuwa amewahi kusema uongo juu ya kitabu maishani, hata mbele ya mkaguzi wa shule, lakini huu aliutunga wiki mbili huku akiosha vyombo: lifti inafunguka ukurasa wa mwisho, mama anatoka na mfuko wa maembe, anauliza nani ameacha taa ikiwaka. Alitaka Precious ausikie kwa sauti yake.

Akaenda kumwomba madam Jumamosi ile abaki na sauti yake.

"Jumamosi ile?" Hilwa aliweka kikombe chini. "Mamangu anakuja kumsikia mjukuu wake. Mbona waniangusha, Redempta? Sauti si yarudi magharibi? Mpigie magharibi."

"Madam, simu ya matroni inazimwa. Ni ile saa tu."

"Basi mwezi ujao, inshallah. Khalas, usinitie unyonge." Hakusema kwa ubaya. Alimpa na kanga mpya.

Jotham, Mkenya mwenzake anayelinda mlango wa jengo, alimsikiliza hadi mwisho akatikisa kichwa. "Rede, na ulisema sawa mwenyewe. Unamjua Shem wa Al Jaddaf? Arbab, bosi wake, aliazima height yake abadilishe bulb moja tu. Saa hii ananunua viatu kwa side ya watoto. Na bado alirenew contract."

Jumamosi ikafika. Chumba kilijaa marashi na mabibi. Saa kumi na moja simu ya Redempta ilitetemeka mkononi.

"Mama? Ni mimi. Wasichana wote wako hapa nimeweka spika. Tuambie, alirudi?"

Redempta alifungua kinywa. Alijua hakuna kitu, akafungua tu.

"Mama, uko? Mama, mbona hauongei? Uko mgonjwa?"

Akagonga simu kwa ukucha, mara moja, mara mbili. Precious alizidi kuita, na sauti yake ikaanza kupanda namna ile inavyopanda kabla ya kilio. Redempta aliinuka, akasukuma mlango wa kioo, akanyoosha mkono wenye simu ndani ya chumba. Alitaka mtoto amsikie tu ajue yu hai. Walifika ukurasa gani, hilo hakulifikiria.

"Mama hakurudi," ilisema sauti yake kutoka kinywani mwa Reem, pole pole, kila neno likifika. "Nimemtafuta kila ukurasa. Alitumwa kazi mbali, halafu akasahauliwa. Hata hakuuawa. Kumuua ingekuwa heshima, angepata ukurasa wake wa kuliliwa. Huyu hayuko, na hakuna mtu kwa kitabu ameuliza yuko wapi. Hata mtoto wake."

Mabibi walipiga makofi. Bi Mawadda alisema "hayumo kitabuni," lakini kwa upole, akifuta miwani. Mama yake Hilwa alilia waziwazi akasema huyu mtoto kautoa wapi uchungu huu, na Hilwa akasema ni wa kuzaliwa nao.

Redempta aliirudisha simu sikioni. Zilisikika pumzi za wasichana wengi.

"Sawa, mama," alisema Precious. Dakika kumi zikaisha.

Sauti iliporudi walikuwa kwenye treni. Redempta aligeukia dirisha akasema, "Alirudi. Alikuja na maembe." Abiria wa pembeni alivuta mfuko wake karibu. Reem alikuwa akisoma pongezi kwenye simu.

Wiki hiyo Redempta aliandika mwisho wake wa uongo kwenye ujumbe mrefu akautuma kwa matroni. Matroni alijibu kwamba hadithi za mapenzi hazipiti kwenye simu yake. Mkataba mpya wa miaka miwili uliletwa mezani Jumanne, na Redempta akatia sahihi, kwa sababu karo ya Precious haikuwa na mwisho wa kutungwa.

Ilipokaribia Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliofuata, alimwendea Reem mwenyewe. Reem hakuwa na roho mbaya. Alisema atatoka katikati ya kikao aongee na huyo mtoto, kwani dakika kumi ni kitu gani, na dada Redempta amwandikie la kusema. Redempta aliandika ukurasa mzima kwa mwandiko wa ubaoni. Alikuja mama, lifti ilifunguka, alikuwa amechelewa kwa sababu zake, alimtafuta mtoto ghorofa zote tisini.

Saa kumi na moja Reem alitoka nje ya kioo, akakaa benchini kando ya Redempta, karatasi mapajani. Simu ikaita.

"Haloo, Precious," alisema kwa sauti ya Redempta.

"Mama!" Mtoto alicheka kwa nguvu hata muuzaji akageuka. "Leo unaongea! Nilidhani umenikasirikia. Mama, ngoja kwanza, kabla haujasema. Tulikaa tukajadili, dorm yote. Kuhusu huyo mama."

Reem alitazama karatasi, akamtazama Redempta. "Haya. Mnaonaje?"

"Mwanzo tulikuwa na hasira. Wengine walilia. Halafu mimi nikawaambia, hapana, mwandishi alifanya poa. Angerudi angemweka wapi? Msichana ameshajua kupigana, ameshajua kupika, ameshazoea. Mama angekuja na maneno yake ya ukurasa wa saba, anamwita kama mtoto mdogo. Ingekuwa ni kumharibia. Afadhali alibaki huko. Tumekubaliana wote. Tumekipa kitabu nyota nne. Wewe unaonaje, mama?"

Redempta alikuwa ameshika mkono wa Reem, kidole chake kikionyesha mstari wa kwanza wa karatasi. Alikibonyeza, akakibonyeza tena.

Lakini Reem alikuwa amekolea. Alikuwa mwanachama wa miezi mingi sasa, na hoja nzuri aliijua akiisikia. Kwa mara ya kwanza tangu ajiunge, alikuwa na maoni yake mwenyewe juu ya kitabu.

"Hata mimi naona hivyo," alisema kwa sauti ya Redempta. "Afadhali hakurudi."

Huko bwenini wasichana arobaini walishangilia, na Precious akasema, "Nilijua utakubali, mama."